Sikio la Kushoto la Yaya

Mara ya kwanza yaya yangu alianguka akiwa ameshika mwiko. Wakati huo alikuwa akiishi Salamabila na mume wake, akiwapikia wachimba dhahabu wali na makayabo, yule samaki wa chumvi, katika kibanda cha turubai pembeni ya soko. Sikuwepo. Aliyenisimulia ni shemeji yangu, siku alipomleta kwetu mjini Kasongo kwa pikipiki, amemfunga kwa kitenge kiunoni mwake mwenyewe ili asidondoke njiani. Walifika wote wawili wamejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Shemeji alifungua kifundo cha kitenge, akamshusha taratibu, akamkalisha kwenye kizingiti cha nyumba yetu.

"Shemeji, nimekuletea mutu wako," akaniambia. "Huu ugonjwa umenichosha, lakini yeye sijamuchoka."

Kwetu Maniema yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Wangu alinitangulia kwa miaka mingi. Mama yetu alipofariki, yeye ndiye aliyeniogesha na kunisuka, akanipeleka chuoni kusoma Kurani, kisha shule ya mapadri kusoma mengine, maana baba alikuwa mtu wa duka na safari. Yeye mwenyewe hakusoma sana. Nilipopata kazi ya ualimu aliwaambia wateja wake wa Salamabila kwamba ile chaki ni yake, mimi ameniazima tu. Hakuwa mtu wa kutulia. Aliongea huku anaondoka, na ilibidi umfuate ndiyo usikie neno la mwisho. Sasa alikuwa amekaa kizingitini, ameshika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili, hathubutu kugeuza shingo.

Nikamuuliza anaumwa wapi.

"Sikio la kushoto," akasema. "Kwanza linajaa, kama mutu ametia maji ndani. Kisha linaanza kulia. Kisha nyumba inaondoka."

"Inaondoka namna gani?"

"Utaona mwenyewe."

Niliona kabla wiki haijaisha. Tulikuwa uani tunapepeta mchele. Akauweka ungo chini, akafunika sikio kwa kiganja, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Imekuja." Nilidhani anazungumzia mvua. Kisha nikayaona macho yake. Yalikuwa yanakimbilia upande mmoja, yanarudi, yanakimbia tena, kana kwamba anasoma mstari usiokuwa na mwisho. Akalala kifudifudi na kuukamata mkeka kwa kucha. Akatapika wali, akatapika chai, mwisho akatapika maji machungu ya njano. Jasho lilimtoka, lakini ngozi ilikuwa baridi. Nilipomgusa begani ili nimgeuze alilia kama mtu aliyesukumwa kutoka juu ya paa. Jua lilihama kutoka upande huu wa ua mpaka upande wa pili kabla hajaweza kuinua kichwa. Kisha akalala usingizi mzito, na alipoamka akaniambia, "Leo ilikuwa ndogo."

Kule Salamabila watu hutwanga mawe ya dhahabu ndani ya vinu vya chuma tangu asubuhi mpaka giza linapoingia. Alisema mlio wa sikio lake ulikuwa kama huo. Mwanzoni alidhani ni majirani. Siku moja ya Ijumaa, wakati vinu vyote vimenyamaza na wanaume wameenda msikitini, akasikia bado wanatwanga, na hapo akajua kwamba wanatwanga ndani yake.

Zahanati ya huko ilimtibu malaria, kwa sababu mtu akitapika na kichwa kikazunguka, watu hufikiria malaria kwanza. Walimpa kwinini. Mlio ukazidi. Wakamtibu homa ya matumbo, hali ikabaki vilevile. Ndipo mume wake akaanza kutafuta nje ya zahanati.

Nataka nieleze habari za shemeji yangu, kwa sababu bila yeye haya mengine hayaeleweki. Alikuwa mfanyabiashara wa kati: alipakia chumvi, sabuni na mawese Kasongo, akauza Salamabila, akarudi. Hakuweza kuona kitu kimeharibika akakiacha. Akija kwetu kutembea, kabla hajanywa maji alikuwa ameshaanza kunyoosha bawaba ya mlango. Yeye na yaya hawakujaliwa mtoto. Ndugu zake walisema maneno mengi juu ya hilo, na yaya alipoanza kuanguka waliongeza mengine. Kaka yake mkubwa alimwambia waziwazi kwamba mwanamke yule ameguswa na jini la mto wanapoosha dhahabu, kwa hiyo amrudishe kwao na aoe mwingine. Yaya alikuwepo, alisikia. Shemeji alimjibu kaka yake, "Nikioa mwingine, huyu akianguka nani atamushika?" Mazungumzo yakaishia hapo.

Nilijifunza wakati ule kwamba kizunguzungu ni ugonjwa ambao kila mtu ana dawa yake. Mwenye kidonda huachiwa kidonda chake, lakini anayezungukwa na dunia hufuatwa na ushauri mpaka msalani. Shemeji aliusikiliza wote. Kila alipokuja kutoka Salamabila alikuwa na kitu mfukoni na jina la mtu kichwani.

Tulianza nyumbani kwa mwalimu wetu wa chuo, yule aliyetufundisha sisi sote alifu na bee. Alikuwa mzee sasa, mkono unatetemeka. Aliandika aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, akaziosha kwa maji, akamimina yale maji ya manjano ndani ya bilauri. Hilo ndilo kombe. Yaya alilinywa kwa bismillahi, macho amefumba. Mwalimu hakujisifu. "Mimi ninaandika tu," alisema. "Anayeponyesha si mimi." Basi zikapita wiki nzuri, yaya akapika, akaenda sokoni, akacheka na wauza dagaa. Shemeji akachinja mbuzi, tukagawa nyama mtaani. Kisha siku moja nilikuwa naswali nyuma yake, tukafika mwisho, akageuza uso kuliani kutoa salamu, akageuza kushotoni, akaanguka juu ya mswala. Tangu siku hiyo alikuwa anaswali ameketi, shingo imesimama wima, anatoa salamu kwa macho tu.

Baadaye tukaenda Lusangi kwa bibi mmoja anayeumika watu kwa pembe. Alimchanja yaya kisogoni kwa wembe, akaweka pembe, akafyonza hewa kwa mdomo, akaziba kwa nta. Damu iliyotoka ilikuwa nzito na nyeusi. Bibi akatuonyesha. "Mwaona? Huu ndio uchafu uliokuwa unazungusha kichwa." Nilitaka kuamini. Damu ile ilionekana kweli kama kitu ambacho ni afadhali mtu asiwe nacho. Lakini yaya alitoka pale amelegea, na tulipokuwa njiani kurudi dunia ikamgeuka, tukalazimika kumlaza kando ya shamba la muhogo wakati waendesha baiskeli wanapita na kutupa pole.

Tulimfukiza kwa majani ya lumba-lumba, blanketi juu ya sufuria inayochemka, akatoka amelowa na mlio uko palepale. Tulimtia mafuta ya habasoda sikioni. Shemeji aliyapasha moto mwenyewe na kuyajaribu kwanza juu ya mkono wake. Tangawizi ndiyo pekee ninayoweza kuisema vizuri. Haikuzuia dunia kuzunguka, lakini akitafuna kipande mapema, matapishi yalipungua. Alikuwa anakifunga katika pindo la kanga yake, na nguo zake zote zilikuja kunuka tangawizi.

Jirani yetu, mama mmoja Mkristo anayelima upande wa nje wa mji na ambaye tumekula muhogo wake tangu utotoni, alituomba kwa upole atupeleke kwenye chumba chao cha maombi. Nilimtazama shemeji nikidhani atakataa. Akasema mgonjwa anapitia mlango wowote ulio wazi. Mchungaji alikuwa mtu mwema, nadhani hivyo mpaka leo. Aliweka kiganja juu ya sikio lile na kumwamuru pepo atoke, kwa sauti kubwa, huku wengine wakiitikia na kupiga makofi. Yaya alianza kulia, na watu wakafurahi kwa sababu waliona anafunguliwa. Tulipokuwa tunarudi alinishika mkono. "Wale hawajui," akasema. "Sikulia kwa ajili ya pepo. Nililia kwa ajili ya kelele. Ilikuwa kama wananichoma sindano ndani ya kichwa."

Mwishoni tukafika hospitali ya mjini, na hapo tulibahatika, kama hiyo ndiyo bahati. Palikuwa na muuguzi mmoja aliyesomea Bukavu kazi ya viungo na mifupa. Alimlaza yaya kitandani, kichwa kikining'inia nje ya ukingo, akakigeuza upande huu, akangoja, akakigeuza upande ule, muda wote akimtazama machoni. Kisha akamketisha.

"Kuna kizunguzungu kinacholetwa na vijiwe vidogo vya ndani ya sikio vikitoka mahali pake," akatueleza. "Kile, ninageuza kichwa hivi, vinarudi, mutu anakwenda nyumbani. Nilitumaini ni kile. Si kile."

"Basi iko nini?" shemeji akauliza.

"Ni maji ya ndani ya sikio. Yanajaa kupita kipimo. Hapa sina dawa ya kuyamaliza. Mama apunguze chumvi sana. Alale vya kutosha, asikae peke yake karibu na moto. Ikimushika, atazame kitu kimoja kisichotembea." Halafu akamalizia, na ninadhani alimalizia kwa sababu alikuwa mtu mkweli. "Mara nyingi sikio kama hili linafika mahali linachoka lenyewe. Kizunguzungu kinakwisha. Lakini kusikia kunakwisha pamoja nacho."

"Baada ya muda gani?"

"Siwezi kusema, baba."

Shemeji alimshukuru, akampa mkono. Tulipokuwa nje, akiwa anamfunga tena yaya kwa kitenge nyuma yake, akaniambia bila kunitazama, "Huyu ametuambia tungoje sikio life. Mimi singoji."

Hata hivyo alifuata yote aliyoambiwa. Alipigilia msumari ukutani mbele ya kitanda cha yaya, akatia kifuniko chekundu cha chupa ya soda, ili awe na cha kutazama. Yeye muuza chumvi akakataza chumvi nyumbani mwetu, na tulikula maharagwe yasiyo na ladha kwa muda mrefu. Vipindi vya kuanguka vilipungua kidogo. Kisha mvua za mwisho wa mwaka zikaanza, na vikarudi kwa nguvu, viwili kwa wiki, vitatu.

Ni wakati huo ambapo shemeji alisikia habari za magome. Mfanyabiashara mwenzake kutoka Kabambare alimwambia juu ya mganga mmoja wa kabila la Wabangubangu, upande wa mto Luama, aliyemponyesha mwanamke aliyekuwa hawezi tena kutembea ila kutambaa. Dawa yake ni gome la mti, na haitumi kwa mkono wa mtu. Mwenye mgonjwa lazima aje mwenyewe aambiwe namna ya kuitumia.

Alitupitia Kasongo kwanza. Asubuhi ya kuondoka alikuwa anafuta matope kwenye mnyororo wa pikipiki, na yaya amekaa mlangoni anamtazama. Mimi nilikuwa nakunywa chai kabla ya kwenda shule.

"Na mvua hii utapita wapi?" yaya akamuuliza.

"Nitapita wanapopita wengine."

"Mimi nimeshazoea. Acha tu."

"Wewe umezoea," akasema. "Mimi sijazoea kukuona chini."

Yaya alisimama, akaenda akishika ukuta mpaka chumbani, akarudi na koti la mvua la baba yetu, akampa. Lilikuwa fupi mikononi. Alilivaa hivyo hivyo.

Siku kadhaa baadaye akapiga simu kutoka Kabambare. Yaya aliweka simu kwenye sikio la kulia, lakini shemeji alikuwa anasema kwa sauti kubwa, nami nikasikia. "Nimeipata. Iko na harufu mbaya sana, kwa hiyo itakuwa nzuri." Yaya akacheka. Alimwambia aje polepole.

Kati ya Kabambare na Salamabila kuna vijito vingi, na madaraja yake ni magogo yaliyolazwa sambamba. Mvua ikinyesha magogo huwa kama yamepakwa sabuni. Wachimbaji waliokuwa wanatembea kwa miguu na mizigo yao ndio waliomkuta, pikipiki juu yake, maji yakimfika kifuani. Walisema alikuwa bado anapumua walipomtoa, na kwamba alikufa kabla hawajafika kijijini. Walimpeleka Salamabila, na ndugu zake wakamzika siku ileile waliyompokea, kama dini inavyotaka.

Mimi ndiye niliyeipokea simu ya kaka yake. Nilimpa yaya habari akiwa ameketi, nikidhani kwamba akiketi hatakuwa na mahali pa kuangukia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Twende." Akainuka, akafunga kanga kichwani, akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni, na nyumba ikaondoka. Hakukuwa na namna ya kumpandisha mtu wa hali ile kwenye pikipiki kwa safari kama hiyo. Wakati mume wake anaingizwa kaburini yeye alikuwa chini sakafuni, shavu juu ya saruji, anatapika kwenye beseni nililolishika. Macho yake yalikuwa yanakimbia kama kawaida, na machozi yalikuwa yanatoka katika macho hayohayo yanayokimbia. Nililala chini pamoja naye, nikamsomea Yasini kwenye sikio la kulia, polepole, kwa sababu sikujua kitu kingine.

Yule kaka mkubwa alikuja Kasongo arobaini haijafika. Alikataa chakula, akanywa maji. Akaweka mezani mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Hii ilikuwa ndani ya koti," akasema. "Fanya nayo unavyotaka."

Ndani yake mlikuwa na magome, yamefungwa kwa kamba ya msituni, yameanza kuota ukungu mweupe. Harufu ilikuwa kama alivyosema kwenye simu. Yaya aliyatandaza juu ya ungo, akayageuza moja moja kwa kidole.

"Alikuambia inatumiwa namna gani?" akamuuliza yule kaka.

"Hakuniambia kitu. Mimi nimemukuta amekufa."

Sote watatu tukayatazama magome. Mganga alimwambia mtu mmoja tu, na mtu huyo hayupo. Hatukujua kama ni ya kuchemsha au kuloweka, ya kunywa au kutia sikioni, kwa siku nyingi au kwa siku moja. Wala hatukujua kijiji kile ni kipi hasa.

Nilimwambia yaya ayaache. Nilimwambia kuna miti inayoua, hatujui kipimo, na ukungu umeshaingia. Alikuwa ndani ya eda, amevaa nyeupe, hatoki nje ya ua. Akasema, "Siwezi kuyatupa," wala hakubishana zaidi. Kila asubuhi alivunja kipande kisichozidi ukucha, akakichemsha katika kikombe cha bati, akakinywa akiwa amesimama, ameegemea ukuta. Siku nyingine alitapika papo hapo, na sikuweza kujua kama ni dawa au ni sikio. Midomo yake ilibadilika rangi. Nilikuwa naenda shule na kufundisha kujumlisha huku nafikiria nitakachokikuta nikirudi.

Hakufa. Magome yaliisha, akaosha kikombe. Na kabla eda haijakwisha nikagundua kwamba ni muda mrefu sijaona yale macho yakikimbia. Tuliogopa kulisema. Mwezi ukapita, na mwingine. Akaanza kutoka mpaka barabarani. Alitembea kama mtu aliyepanda mtumbwi, miguu imeachana, na giza likiingia ilibidi ashike kitu, lakini hakuanguka tena.

Siku moja nikamwita nikiwa upande wake wa kushoto, karibu kabisa, nimemletea simu. Hakugeuka. Nikamwita tena. Nikapiga makofi karibu na shingo yake. Aliendelea kuchagua mchele.

Mji ulifurahi. Mwalimu wa chuo alisema maneno ya Mungu hayapotei njiani hata yakichelewa. Bibi wa Lusangi alituma salamu kwamba damu mbaya imekwisha. Jirani yetu wa muhogo alimshukuru Bwana wake machozi yakimtoka, na sikuona hata mmoja kati yao aliyesema uongo. Lakini waliosikika zaidi ni wale waliosema ni magome. Kaka mkubwa, ambaye zamani alitaka yaya afukuzwe, alikuja kumwona anatembea, akasema mbele ya watu, "Ndugu yangu alikufa ili wewe usimame." Yaya aliinamisha kichwa na kusema ndiyo.

Nilimrudisha kwa yule muuguzi. Alijaribu sikio la kushoto kwa chuma kinachovuma, akakisogeza, akakigusisha mfupa wa nyuma ya sikio, akamuuliza, na yaya akatikisa kichwa kila mara. Muuguzi akatueleza tena, kwa maneno yaleyale ya zamani, kwamba sikio limechoka na limeacha kazi zake zote mbili, ya kusikia na ya kumsimamisha mtu. Alimfundisha kutazama kidole gumba huku akigeuza kichwa, na kutembea kandokando ya ukuta kila siku, ili sikio lililobaki lijifunze kufanya kazi peke yake. Sikumuuliza habari za magome. Alikuwa amezisikia, kama kila mtu, naye hakuzigusa.

Njiani yaya alinihamishia upande wake wa kulia.

"Usimuambie mutu maneno ya yule," akasema.

"Kwa nini?"

"Kama sikio limekufa lenyewe, basi yeye amekufa bure."

Mimi ni mwalimu. Kazi yangu ni kusahihisha. Nilishika mkono wake tukavuka barabara kati ya pikipiki, na sikusema kitu siku hiyo wala miaka iliyofuata.

Alibaki kwangu. Salamabila hakurudi tena. Aliuza mchele kwa kikombe mbele ya nyumba, ameketi kwa namna ambayo sikio lililo zima linaelekea barabarani, na aliyemuuliza juu ya ugonjwa wake alisimuliwa magome. Alisimulia vizuri. Kila mwaka kuliongezwa kidogo: mganga alikuwa mzee sana, mti ulikuwa mmoja tu msituni, shemeji alikuwa ameota ndoto kabla ya safari. Wakati mwingine nilimsikiliza kutoka ndani na karibu niamini.

Mwaka jana, mvua zilipokuwa zimeshaanza, alikuja mwanaume mmoja kutoka Lusangi na baiskeli, mkulima wa mpunga, suruali imekunjwa mpaka magotini. Mke wake anaanguka. Sikio linamlilia, anatapika. Alikuwa amesikia habari za mama wa Kasongo aliyepona, akataka kuelekezwa kwa yule mganga wa upande wa Luama. Nilikuwa mlangoni nasahihisha kazi za wanafunzi. Nilingoja hadithi ianze.

"Ni wewe utakayekwenda?" yaya akamuuliza.

"Nani mwingine, mama? Ni mimi."

"Na baiskeli hii?"

"Nitapata pikipiki Salamabila."

Yaya alikuwa ameshika kikombe cha kupimia. Akakizamisha katika mchele, akakiacha humo. Yule mtu alidhani hajasikia, akazunguka upande mwingine ili amuulize tena.

"Nimekusikia," yaya akasema. "Ile dawa haikunisaidia."

"Lakini watu wote wanasema..."

"Aliyekunywa ni mimi. Sikio lilikufa lenyewe. Muganga wa lopitali alituambia litakufa, na likafa. Usiende kule, mwanangu. Mulete mke wako lopitali, wamugeuze kichwa, pengine yeye iko na ile nyepesi. Umupunguzie chumvi. Umutafutie tangawizi. Akianguka, ukae chini pamoja naye mpaka ipite."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Yule mtu alishukuru kwa heshima, lakini uso ulikuwa wa mtu aliyenyimwa. Aliinua baiskeli yake, akaisukuma. Sijui alielekea wapi. Kwenye njia panda, barabara ya Lusangi na ile ya kwenda Salamabila zinaachana baada ya msikiti, na kutoka mlangoni petu hapaonekani. Mke wake hatukumwona hospitalini, wala hatukusikia habari nyingine.

Yaya hakungoja jioni. Alimimina mchele wote ndani ya gunia, akaingiza kiti, akaenda kujilaza. Nilipika, nikamwita aje kula. Nikamwita tena, nikaingia chumbani. Alikuwa amelala kwa ubavu wa kulia, sikio lake linalosikia amelizamisha ndani ya mto, na lile la kushoto liko juu, wazi. Macho yake hayakuwa yamefumba. Nikaweka sahani juu ya kigoda, nikaifunika.